Kifua cha mtoto kinapiga filimbi: tunayoambiana na ukweli wake

Mama anaingia na mtoto wa miezi minne, kamasi, kikohozi, kifua kinapiga filimbi, na kwenye pochi kuna chupa tatu za dawa alizoshaanza kumpa. Jirani kamwambia nimonia, kaka wa duka la dawa kasema aleji, bibi kapiga simu toka kijijini kasema hicho ni kimeo. Nimekaa wodi ya watoto miaka ya kutosha, na kwa mtoto wa chini ya miaka miwili mwenye hali hiyo mara nyingi sana wote watatu wamekosa.

Kitu chenyewe kinaitwa bronkiolaitisi. Kirusi, mara nyingi kile cha RSV, kinaanza puani kama mafua ya kawaida halafu kinashuka mpaka kwenye vijinjia vidogo kabisa vya hewa, vinavimba, vinajaa ute, na kwa vile vya mtoto mchanga ni vyembamba mno basi uvimbe kidogo tu anaanza kuhema kama katoka mbio.

"Si apewe antibayotiki tu?" Antibayotiki inaua bakteria, kirusi haikigusi. Ila niseme ukweli, ukienda zahanati nesi akahesabu pumzi akakuta mtoto anahema haraka anaweza kumpa amoksilini, maana nimonia ya bakteria inafanana sana na hii na pale hana cha kuzitenganisha, usigombane naye. Mie ugomvi wangu ni ile ya kujinunulia dukani nusu dozi.

"Mbona hawajampiga eksirei?" Kwa sababu ugonjwa huu unajulikana kwa macho na masikio: umri wake, mafua siku mbili tatu, halafu kikohozi, kuhema haraka, filimbi. Picha mara nyingi inaonyesha vivuli vinavyomchanganya daktari, mtoto anaishia kupewa dawa asizohitaji. Eksirei inaachwa kwa yule ambaye hali yake haieleweki au anazidiwa.

Nebulaiza, ile mashine ya kumvutisha mtoto dawa kwa mvuke, nayo watu wanaidai kwa nguvu. Kwenye pumu misuli ya njia ya hewa inajibana na salbutamol inailegeza, hapa shida ni ute na uvimbe kwa hiyo haisaidii kivile, ndo maana miongozo ya Marekani ya 2014 na ya Uingereza ya 2015 inasema isiwe dawa ya kila mtoto mwenye bronkiolaitisi, na steroidi, zile dawa za kupunguza uvimbe, vilevile. Daktari anaweza kujaribu mara moja akihisi ni pumu, asipoona tofauti anaachana nayo.

Sasa kimeo. Kile ni kinyama kinachoning'inia kooni, wewe unacho, mie ninacho, bibi anacho, na kikohozi cha mtoto huyu kinatoka kwenye mapafu. Nimepokea watoto waliokatwa kimeo kwa mafundi wa mtaani wakafika wameloa damu, na kisu kisicho safi kinaleta maambukizi mpaka pepopunda. Lakini mbona watu wanaapa kabisa kwamba ilisaidia? Angalieni siku. Ugonjwa huu unakuwa mkali siku ya tatu mpaka ya tano, halafu unaanza kushuka wenyewe, kikohozi kinabaki kinavuta mpaka kama wiki tatu. Mtu anampeleka mtoto kwa fundi wiki ya pili akiwa amechoka kusubiri, mtoto anapata nafuu kama ambavyo angepata tu, sifa inaenda kwa kisu. Chupa ya tatu ya dawa inasifiwa kwa mtindo huohuo.

"Kaingiwa na baridi", kwa hiyo sweta mbili, kofia, blanketi. Aliingiwa na kirusi jamani, na mara nyingi kaletewa na kaka au dada yake anayesoma, watafiti waliofuatilia familia Kilifi kule Kenya waliliona hilo. Mlundo wa nguo unampandisha joto na unakuficha kifua usikione. Moshi wa mkaa na sigara ndo unaomuumiza kweli, huo haumtishi mtu.

Nyumbani kazi ni pua na maziwa. Matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa puani kabla ya kunyonya, toa kamasi taratibu, mnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi. Asali hapana chini ya mwaka mmoja, sirapu ya kikohozi hapana, kumfukiza hapana maana maji ya moto yanawaunguza, na mafuta puani yanaweza kuteleza mpaka kwenye mapafu.

Mfunue kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima. Chini ya miezi miwili zikifika 60, miezi miwili mpaka mwaka 50, kuanzia mwaka 40, nenda kituoni. Mbavu zikibonyea ndani, anaguna kila akipumua, midomo ya bluu, kalegea, ananyonya chini ya nusu ya kawaida, hajakojoa kwa muda wa saa 12, au anaacha kupumua hata sekunde chache, hapo ni kukimbia usiku huohuo. Wa chini ya miezi mitatu, njiti na mwenye tatizo la moyo usiwasubirie kabisa.

Kuna hii moja inaniuma: "wakimwekea oksijeni ndo anakufa". Baba anasaini mtoto asiwekewe, namwelewa, kaona mtoto wa kitanda cha jirani kawekewa mpira na kesho yake kitanda kitupu. Yule alichelewa kufika, oksijeni ilimkuta keshachoka. Kwenye bronkiolaitisi dawa ya kuua kirusi hatuna, tunachoweza ni kumsaidia kupumua na kula mpaka mwili wake ushinde, na oksijeni ya kwenye damu ikishuka chini ya asilimia 90 hiyo mipira ya puani ndo matibabu yenyewe. Akishindwa kunyonya tunampitishia maziwa kwa mpira wa puani, nao unaogopwa bure.

Na ukiruhusiwa mtoto bado anakohoa usidhani umefukuzwa. Kikohozi kikipita wiki tatu ndo umrudishe, maana hapo tunaanza kutafuta vitu vingine, TB ikiwemo.