“Baraza limepitisha” si sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani

Muhula unapoanza, wazazi wengi nchini Uganda, katika shule za UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi bila ada, huletewa na watoto wao karatasi yenye muhuri wa shule: lete pesa ya maendeleo, pesa ya mtihani, pesa ya mlinzi, la sivyo mtoto abaki nyumbani. Mzazi akiuliza, huambiwa kwamba baraza la wilaya limepitisha. Wengi hunyamaza hapo hapo, kwa kuamini kwamba wilaya ikisema, sheria imesema. Sivyo, na watoto wanapoteza masomo kwa sababu ya kutojua hilo.

Wilaya ina madaraka makubwa, tusiyapunguze. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 iliikabidhi uendeshaji wa elimu ya chekechea, msingi, sekondari na ufundi. Mwalimu wa shule ya msingi huajiriwa kupitia Tume ya Utumishi ya Wilaya, na afisa elimu wa wilaya, yaani DEO, yuko chini ya afisa mkuu mtendaji, CAO. Lakini sera ya elimu ilibaki mikononi mwa serikali kuu, kwa mujibu wa Jedwali la Sita la Katiba, na wizara ina wajibu wa kukagua kama wilaya zinaifuata.

Baraza linaweza kutunga sheria yake. Muswada wake, hata hivyo, hupelekwa kwanza kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kupitia waziri, athibitishe kwamba haupingani na Katiba wala sheria yoyote ya Bunge, ndipo mwenyekiti wa LC5, yaani wa wilaya, atie saini. Azimio lililopigiwa makofi ukumbini halijapita njia hiyo. Muhtasari wa kikao cha PTA, chama cha wazazi na walimu, haujapita. Tamko la RDC, mwakilishi wa rais wilayani, halijapita pia hata likitolewa redioni. Ibara ya 203 ya Katiba inampa RDC kazi ya kufuatilia huduma, haimpi kazi ya kutunga sheria. Hata waraka wa wizara huwaelekeza maafisa tu, na ukigongana na Sheria ya Bunge, Sheria ndiyo inayoshika.

Na Bunge limesema nini? Sheria ya Elimu ya mwaka 2008, kifungu cha 9 kwa hesabu ya wakati huo, inakataza kutoza ada katika shule zilizo chini ya UPE, mpango ulioanza mwaka 1997, na zile za elimu ya bure baada ya msingi. Michango inaruhusiwa, ila isiwe ya lazima, na mwanafunzi asizuiwe kuhudhuria wala kufundishwa kwa kushindwa kuitoa. Hakuna azimio la wilaya linaloweza kufuta maneno hayo.

Ugumu halisi uko kwenye chakula. Sheria hiyo hiyo inamtwika mzazi jukumu la kumlisha mtoto wake, na walimu wakuu hulishika neno hilo: hii si ada, wanasema, ni uji na posho, yaani ugali, ya mchana. Wana hoja. Ruzuku ya serikali haitoshi kulisha shule nzima, na mtoto mwenye njaa hasikii somo la saa nane. Naunga mkono kabisa wazazi wakubaliane kuchangia mahindi na maharage kutoka mashambani mwao, na wilaya isimamie makubaliano hayo. Lakini jukumu la mzazi halikuwekwa ili mtoto aadhibiwe. Baba asipoleta debe lake la mahindi, aitwe baba azungumzwe naye; mtoto aachwe kwenye dawati lake.

Kwa ndugu zetu Wakongo walioko katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Rwamwanja na Kyangwali, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa watoto wao haki sawa na raia katika elimu ya msingi. Kauli kwamba UPE ni ya Waganda pekee haina msingi. Kampala nako utaratibu ni tofauti kidogo, kwa kuwa jiji liko chini ya KCCA, mamlaka ya jiji hilo, na serikali kuu, lakini kifungu cha Sheria ya Elimu ni kile kile.

Wilaya na wizara zikitofautiana juu ya maana ya kifungu, ushauri wa Mwanasheria Mkuu una uzito mkubwa serikalini, ila neno la mwisho ni la mahakama. Ibara ya 50 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki inapovunjwa, hata kwa niaba ya mwingine. Tume ya Haki za Binadamu nayo ina mamlaka ya kimahakama chini ya ibara ya 53.

Mara nyingi hamtahitaji kufika huko. Itunzeni ile karatasi yenye muhuri. Mwombeni mwalimu mkuu, kwa heshima, awaonyeshe sheria ya wilaya iliyothibitishwa na Mwanasheria Mkuu. Asipokuwa nayo, andikeni barua kwa DEO, nakala kwa CAO na kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, mtaje tarehe mtoto aliporudishwa na nani aliyemrudisha. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na mtoto aende shule kesho yake asubuhi kama kawaida.