Mashine ya Myuoni ya Kutafutia Dhahabu: Kabla Hujalipa

Siku hizi maswali ya wachimbaji wadogo wa Nzega na Igunga yamekuwa ya aina moja: je, mashine ya myuoni (chembe ndogo kuliko atomu) inayouzwa kwa ajili ya kutafutia dhahabu inahitaji kibali? Tunashukuru kwamba watu wanauliza kabla ya kutoa fedha. Kibali kinahitajika kwa mashine yoyote inayozalisha mionzi. Ila mashine yenyewe, kwa jinsi wauzaji wanavyoieleza, ya kubebwa begani na kurusha myuoni ardhini, haipo. Haipo Tabora, haipo Dar es Salaam, na haipo huko ng'ambo inakodaiwa kutoka.

Myuoni zenyewe zipo, na hazinunuliwi. Huzaliwa juu hewani pale miale kutoka anga za mbali inapoigonga hewa, kisha hushuka usiku na mchana. Kiganja cha mkono hupitiwa na takriban moja kila sekunde. Tabora, kwa kuwa tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, tunapata zaidi kidogo kuliko Dar es Salaam. Hakuna haja ya kujikinga nazo, wala hakuna ada inayotozwa kwa ajili yake. Kuna aliyeuliza.

Kazi ngumu ni kuzizalisha kwa makusudi na kuziongezea kasi, kama mashine ya kuzirusha ingelazimika kufanya. Myuoni ina uzito mara 207 ya elektroni, na kwa wastani huishi mikrosekunde 2.2 tu kabla ya kuvunjika. Isitoshe, zinapozalishwa hutoka kama nyuki waliochokozwa mzingani, kila moja na njia yake na mwendo wake. Ndani ya muda huo mfupi lazima zikusanywe, zitulizwe, zielekezwe upande mmoja, ndipo zisukumwe.

Ni mwaka 2024 tu ambapo maabara ya J-PARC, iliyoko Tokai nchini Japani, ilifanikiwa kuchukua myuoni zenye chaji chanya zilizotulizwa hivyo na kuziongezea kasi. Walizisimamisha ndani ya silika nyepesi yenye vitundu, kila moja ikajishikiza na elektroni, leza ikaiondoa elektroni hiyo, na myuoni iliyobaki, ikiwa karibu imetulia kabisa, ikaingizwa kwenye mashine ya kuisukuma. Ilifikia kama asilimia 4 ya kasi ya mwanga. Kabla ya hapo, mwaka 2020, wanasayansi wa jaribio la MICE nchini Uingereza walitangaza kwamba wameweza kulikaza kundi la myuoni kwa kulipitisha kwenye haidrojeni ya kimiminika na hidridi ya lithiamu. Ni kazi ya miaka mingi, ndani ya majengo makubwa, na umeme wake si wa jenereta ya mgodini.

Mpango mkubwa zaidi, unaoratibiwa kutoka CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, ni wa mtambo wa kugonganisha myuoni kwa nishati kubwa sana (TeV 10, kwa kipimo cha wanafizikia). Bado uko kwenye michoro. Kwa mtu wa kazi yangu ya usalama wa mionzi, sehemu yake inayovutia ni nyutrino, chembe nyepesi mno zinazotoka myuoni inapovunjika. Tumezoea kusema chembe hizo hupita kwenye dunia nzima bila kugusa kitu, na ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini myuoni za nishati hiyo zikivunjika, nyutrino hutoka zimebanana kwenye mwali mwembamba, na pale mwali unapochomoza juu ya ardhi, kilomita nyingi kutoka kwenye mtambo, zile chache zinazogonga udongo huzaa mionzi. Ndiyo maana wapangaji wanazungumzia kuuchimbia mtambo chini sana na kuyumbisha njia ya chembe kidogo kidogo, ili dozi ya mionzi kwa mwaka ibaki kwenye mikrosiverti 10 hivi (mikrosiverti ni kipimo cha dozi hiyo), wakati ukomo kwa mwananchi ni 1,000. Wanahesabu haya kabla hata ya kuchimba msingi. Muuzaji wako wa Nzega amekuonyesha hesabu gani?

Tusichanganye na vipokezi vya myuoni. Hivyo ni halali na vinafanya kazi: mwaka 2017 vilionyesha uwazi mkubwa ndani ya piramidi ya Khufu, Misri, na Kanada vimetumika kwenye migodi ya urani. Lakini havirushi chochote, vinapokea tu zile za angani. Myuoni hutoka juu, kwa hiyo kipokezi hukaa chini au ubavuni mwa mwamba, kwenye shimo, kwa wiki au miezi. Na kinachosomwa ni msongamano wa mwamba. Dhahabu hakiijui. Anayekiweka juu ya ardhi na kukuambia baada ya dakika kumi kwamba kuna reef (mwamba wenye dhahabu) hapo chini anakuibia mchana kweupe.

Kifaa cha mkononi cha eksirei kinachosoma madini kwenye jiwe ni kitu kingine. Hicho kipo, na kinasimamiwa na Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003. Kibali cha kuingiza nchini huombwa kabla mzigo haujaondoka kwa muuzaji, si ukiwa tayari bandarini. Leseni ya kumiliki na kutumia huombwa kwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ikiambatana na maelezo ya kifaa, namba yake, mahali kitakapotunzwa, na mtu mwenye mafunzo atakayesimamia usalama. Ukaguzi hufuata. Kukiuza au kumwazima mwenzako bila kutoa taarifa ni kosa, hata kama mwenzako ni shemeji yako. Kumiliki bila leseni ni kosa jingine, na adhabu ni faini au kifungo, au vyote viwili. Kusema "sikujua kina mionzi" hakujawahi kuwa leseni.

Kama umeshalipia mashine ya myuoni, nenda polisi, kwa sababu huo ni utapeli. Kama umeshakabidhiwa, usiifungue. Piga picha ya kibandiko chenye jina na namba, na uangalie kama kuna alama ya mionzi. Ikiwepo, wasogeze watu mbali, uweke mlinzi, na utoe taarifa kwa Tume. Wakaguzi watakuja huko huko. Msiipakie kwenye basi kuileta mjini.