Kamasi za Tundu Moja

Mafua hayachagui upande. Yakimshika mtoto, pua yote hutiririka. Kwa hiyo mzazi akiniambia mwanawe anatoka kamasi nzito tundu moja tu, zina damu damu na zinanuka, mimi kama daktari wa masikio, pua na koo naamini kuna kitu humo ndani mpaka nihakikishe hakimo. Mara nyingi mtoto huyo ameshameza antibayotiki. Uvundo ulipungua, dawa ilipokwisha ukarudi, kwa sababu kilichouleta kimekaa palepale. Sponji ndiyo inayonuka kupita zote. Huitambua kabla sijawasha taa.

Wengi wao wana umri wa miaka miwili hadi mitano. Wanaingiza shanga, mbegu, karatasi, vipande vya vikaragosi. Ukimuuliza kwa ukali atakana, na huwezi kumlaumu.

Nyumbani usichokonoe. Kitu cha mviringo kikiguswa na kibano huteleza na kwenda nyuma zaidi, na huko nyuma kinaweza kudondokea kwenye njia ya hewa. Maji nayo usimwagie, maana mbegu kavu hufura na kukwama kabisa. Ipo njia ambayo mzazi mwenyewe anaweza kuijaribu, iliyoelezwa mwaka 1965 na Vladimir Ctibor, daktari wa New Jersey, Marekani. Mama au baba huziba kwa kidole tundu lililo wazi, huufunika mdomo wa mtoto kwa mdomo wake kama anayembusu, hupuliza taratibu mpaka asikie hewa inakataa kuendelea, kisha hupuliza mara moja kwa nguvu kiasi. Hewa hupita nyuma ya pua na kukisukuma kitu nje. Hufanikiwa kwa karibu watoto sita kati ya kumi, tena bila kumshikilia mtoto kwa nguvu. Napenda aelekezwe kwanza na mhudumu wa afya, na kisipotoka, waje kwetu. Jaribio la kwanza lenye vifaa ndilo rahisi kuliko yote. Pua ikishavimba na kutoka damu, na mtoto akishaogopa, kazi huwa nyingine.

Betri haina nafasi ya majaribio. Nazungumzia zile bapa za mviringo, za rimoti, saa na vitu vya kuchezea. Watu hudhani hatari ni kuvuja kwake. Hapana: ikigusa utando wenye unyevu, umeme hupita, na upande wake hasi hutengeneza alkali inayounguza nyama. Kwenye umio, yaani mrija wa chakula, saa mbili zinatosha kuleta jeraha baya. Puani hutoboa ukuta unaotenganisha matundu mawili. Hata betri ambayo haiwashi tena rimoti bado ina umeme wa kutosha kuunguza. Kwenye eksirei hufanana na sarafu, ila ukitazama vizuri ukingo wake una duara mbili. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja, aliyeimeza ndani ya saa 12 zilizopita na anayeweza kumeza, apewe vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika kumi, visizidi mara sita, huku mkiwa njiani kwenda hospitali. Usimtapishe. Asali hupunguza tu makali ya kuungua. Betri lazima itolewe.

Kooni ni habari nyingine. Aliyepaliwa akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe umpige mapigo matano kati ya mabega, kisha umsukume tumboni mara tano, juu ya kitovu. Aliye chini ya mwaka mmoja husukumwa kifuani, si tumboni. Rudia huku mtu mwingine akiita msaada. Usipapase koo kwa kidole bila kuona kitu.

Ninachokihofia zaidi ni kile kikohozi kinachokatika ghafla. Mtoto alipaliwa na karanga, akakohoa, akatulia, akarudi kucheza. Huenda ameimeza. Huenda pia imeshuka mpaka kwenye mrija wa pafu, hasa wa kulia, ulio mpana na ulionyooka zaidi. Wiki kadhaa baadaye anatibiwa pumu, au nimonia inayorudi pafu lilelile. Karanga haionekani kwenye eksirei, na picha inaweza kutoka safi kabisa. Sikiliza kifua: mluzi wa upande mmoja una maana ileile ya kamasi za tundu moja. Anayeshukiwa hivyo huchunguzwa kwa darubini ya njia ya hewa, akiwa amelazwa kwa nusu kaputi. Chevalier Jackson, bingwa Mmarekani wa kazi hii, aliyefariki mwaka 1958, alihifadhi vitu zaidi ya 2,000 vilivyotolewa kwa wagonjwa; vipo katika Jumba la Makumbusho la Mütter, Philadelphia. Pini za usalama zilizofunguka ni nyingi kiasi cha kutisha.

Mkija, mtoto asile wala asinywe njiani, kwa kuwa huenda akahitaji nusu kaputi. Asali ya aliyemeza betri tu ndiyo inayoruhusiwa. Na kama ipo shanga nyingine ya aina ileile, au pakiti ya betri, ileteni. Ukubwa na umbo lake hunisaidia kuchagua kifaa.