Fistula ya njia ya haja kubwa: yanayosemwa na ukweli kuhusu MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili

"Fistula ni ya kina mama."
Hiyo ni fistula ya uzazi. Hii nyingine huanza na jipu kwenye vitezi vya ndani ya njia ya haja kubwa. Likipasuka linaacha kitundu kinachochuruzika usaha miezi na miezi. Huwapata zaidi wanaume. Huku kwetu Mtwara wengine huiita bawasiri, wakaikalia maji ya vuguvugu mpaka hela ya korosho iingie.

"Tundu linaonekana kwa macho, picha ya nini?"
Tundu la nje ni mlango tu. Mpasuaji anataka kujua njia ya fistula inapita wapi ndani: imetoboa misuli ya kubana choo, au imepita kando? Ina matawi? Kuna usaha uliojificha upande wa pili? Kwenye picha za MRI zilizofifisha mafuta, usaha unang'aa mweupe na misuli inabaki na weusi, hivyo njia inafuatika hadi mwisho wake. Ripoti nzuri hutaja tundu la ndani, pale fistula inapoanzia, kwa namba za uso wa saa, mgonjwa akiwa chali: 12 mbele, 6 nyuma.

Hapo ndipo penye uzito. Misuli ikikatwa kupita kiasi, mtu anaweza kushindwa kuzuia ushuzi, hata choo. Tawi likiachwa, usaha unarudi, na lawama anabebeshwa mchawi.

"Ile mashine inachoma kwa mionzi."
Haina mionzi ya eksirei. Ni sumaku na mawimbi ya redio. Kelele inazo, na utalala tuli nusu saa au zaidi. Sema mapema kama una betri ya moyo au chuma mwilini. Mafundi wa kuchomelea, msisahau vichembe vya chuma machoni.

"Bila MRI hupasuliwi."
Si kweli. Fistula fupi, ya juu juu, ya mara ya kwanza, daktari anaweza kuitambua kwa kupima kwa mkono. Iliyorudi, yenye matundu kadhaa, au ya mwenye ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo) ndiyo inayohitaji picha hasa. Kwa hiyo muone kwanza daktari wa upasuaji, hospitali ya Ndanda, Nyangao au Ligula, kabla ya kukata tiketi ya basi la Dar. Ukipigwa picha, rudi na picha zenyewe, si karatasi ya majibu peke yake.

Ila jipu lililovimba, lenye homa na maumivu ya kukosesha usingizi, halingoji MRI. Nenda likapasuliwe usaha utoke.