Folsom, kabla usiku haujaingia

Wageni wengi hunitafuta wakitaka niwapeleke kwenye baa za wanaume wa ngozi, yaani mashoga wanaojitambulisha kwa mavazi ya ngozi, hapa San Francisco. Huwakubalia kwa sharti moja: tukutane saa kumi alasiri, jua likiwa bado lipo. Baa zitakuwepo usiku, hazitatukimbia. Lakini mtaa wa Folsom una mambo ambayo huwezi kuyaona gizani, na asiyeyaona atadhani ngozi ni mavazi ya sherehe tu.

Tunaanzia Ringold, kichochoro kifupi kati ya mtaa wa 8 na wa 9. Zamani baa zikifunga saa nane usiku, wanaume ambao hawajataka kulala walikuja hapa kutafutana. Tangu 2017 pana kumbukumbu yao: mawe yaliyochongwa majina ya baa, maduka na taasisi za jamii ya ngozi, na nyayo 28 za mabuti, za shaba, zimepachikwa kando ya njia, kila moja na jina la mtu. Tembea polepole. Baadhi ya hao waliondoka na UKIMWI.

Kwa nini ngozi, na kwa nini hapa? Vita vya Pili vya Dunia viliiacha bandari hii na askari na mabaharia wengi waliofukuzwa jeshini kwa sababu ya kupenda wanaume wenzao, wakaona hawawezi kurudi vijijini kwao. Wengine walinunua pikipiki na kuanzisha vilabu. Kule Los Angeles, Satyrs ilianza 1954, na San Francisco ikafuata. Jaketi la ngozi na mabuti vilikuwa vifaa vya safari kwanza. Kisha vikawa tamko, kwa sababu enzi hizo kila mtu aliamini kwamba shoga lazima awe mlegevu, na hawa walisema hapana, sisi ni wanaume wa mafuta na vumbi la barabara, na tunapenda wanaume. Eneo la kusini ya Market Street lilikuwa la maghala na karakana. Kodi ilikuwa nafuu, na jua likizama wafanyakazi wote walikuwa wameshakwenda zao. Hapakuwa na jirani wa kulalamika.

Kwenye kona ya mtaa wa 4 na Harrison ilikuwepo baa ya Tool Box, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Msanii Chuck Arnett alichora ukuta wake mzima: vivuli vya wanaume kwa rangi nyeusi na nyeupe, wamesimama kama wanaokungoja uingie. Juni 1964 gazeti la Life lilitoa makala kuhusu mashoga wa Marekani na kutandaza picha ya ukuta ule kwenye kurasa mbili. Makala hayakuandikwa kwa upendo. Lakini fikiria kijana wa mji mdogo, anayeamini yuko peke yake duniani, anafungua gazeti na kuona chumba kizima cha watu kama yeye, pamoja na jina la jiji. Wengi walifunga mizigo. Tool Box ilifungwa 1971, na jengo lilipobomolewa ukuta wa Arnett ulibaki umesimama wazi kwa muda, madereva wakiutazama wakipita. Nakala ya mchoro utaiona Ringold, kwenye jiwe jeusi.

Mwaka 1966 ilifunguliwa Fe-Be's, pale Folsom na mtaa wa 11. Kwa ajili yake msanii Mike Caffee alichukua sanamu ndogo ya Daudi wa Michelangelo akaivisha jaketi, kofia na mabuti. Baa nyingine zikafuata, nyumba kwa nyumba. Miaka ya 1970 ikaja leso mfukoni pia. Sisi watu wa pwani hatushangai kusikia kwamba leso husema: hapa rangi ilitaja unachopenda kitandani, mfuko wa kushoto ulimaanisha wewe ndiye unayeongoza, wa kulia unayefuata. Bado utawaona wachache wanaozivaa kwa maana ileile.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka kila mgeni aondoke nalo. Folsom ni kisa cha ardhi. Wakuu wa jiji walikuwa wakilimezea mate eneo hili tangu miaka ya 1950. Vibarua wazee na mabaharia wastaafu waliopanga vyumba vya bei ya chini hapa waliunda chama 1969 na kwenda mahakamani, lakini nyumba nyingi zilivunjwa, na 1981 ukumbi mkubwa wa mikutano, Moscone, ukafunguliwa juu ya ardhi ile. Kisha UKIMWI ukaingia. Mwaka 1984 jiji liliamuru bafu za wanaume, nyumba za kuogea ambako walikutana kimapenzi, zifungwe, watu walikuwa wakifa, na ilionekana mtaa huu umeshakuwa maiti unaosubiri kuzikwa. Mwaka huohuo Kathleen Connell na Michael Valerio, waliokuwa wakipigania makazi ya watu wa hapa, waliandaa maonyesho ya mtaani ili jiji lione kwamba hapa wanaishi watu. Hayo ndiyo Folsom Street Fair, Jumapili ya mwisho ya Septemba, kati ya mtaa wa 8 na wa 13. Nawaomba mjue hilo mnapopita getini. Pesa mnazochangia pale huenda kwa mashirika ya jamii.

Kwa usiku wenyewe, nenda Powerhouse, kona ya Folsom na Dore, na Eagle, mtaa wa 12 na Harrison. Eagle ilifunguliwa 1981, ikafungwa 2011, ikafufuka 2013 baada ya watu kuipigania, na tangu 2021 ni jengo la kihistoria la jiji. Beba pasipoti hata kama una mvi, kwa kuwa chini ya miaka 21 hakuna kuingia. Jinzi na fulana nyeusi zinatosha. Usikope ngozi ya mtu kwa ajili ya picha. Na usimguse mtu, wala kamba yake, wala kofia yake, kabla hujamuuliza na yeye hajasema ndiyo. Hapa ridhaa hutamkwa kwa mdomo, na hakuna atakayekucheka kwa kuuliza.

Kuhusu picha, nawaambia hasa ndugu zangu wanaotoka Uganda, Tanzania na Kenya, ambako sheria bado inaweza kumfunga mtu. Maonyesho hufanyika barabarani na kamera ni nyingi. Ukivuka geti, huwezi kuzuia sura yako kufika mtandaoni, na kutoka huko kufika nyumbani. Nimewahi kumsindikiza mgeni aliyevaa kofia pana na barakoa siku nzima, na alicheza kuliko wote. Ukiona hata hilo ni hatari kwako, njoo wiki nyingine. Jumapili alasiri Eagle huwa na watu uani, bia hutiririka na mchango hukusanywa kwa ajili ya shirika fulani. Wazee waliobaki hukaa karibu na ukuta, na ukiwasalimu kwa adabu watakusimulia majina yaliyoko kwenye nyayo za Ringold. Uje na jaketi la kweli tu, la baridi, maana kufikia saa kumi na moja ukungu huwa umeshaanza kushuka kutoka vilima vya Twin Peaks.