Stendi haijajaa abiria, imejaa mabasi yaliyolala

Kazi yangu ni kupanga vituo vya mabasi, na kauli ninayoisikia kuliko zote ni hii: "Stendi ya katikati ya mji imejaa, ihamishieni nje." Kabla sijajibu huwa naomba siku mbili, daftari na saa, nikakae pale tangu alfajiri.

Ninachoandika ni kidogo. Namba ya basi, dakika lilipoingia, mlango ulipofunguka, abiria wa mwisho alipopanda, na dakika lilipoondoka. Kurasa chache zikijaa, picha inajitokeza. Kushusha na kupakia kunakula sehemu ndogo tu ya muda ambao basi limekaa pale. Muda uliobaki ni wa kungoja zamu, dereva kupata chakula na kunyoosha miguu, basi kufagiwa, au basi kungoja lijae. Sizidharau shughuli hizo. Dereva aliyechoka ni hatari kwa kila mtu barabarani. Ila hakuna hata moja inayolazimika kufanyika mbele ya mlango wa abiria, juu ya kipande cha ardhi ambacho mji mzima unakigombania.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua stendi inayopokea mabasi 60 kwa saa. Kila basi likishikilia nafasi ya kupakilia kwa dakika 15, nafasi moja inahudumia mabasi 4 kwa saa, kwa hiyo zinatakiwa nafasi 15, na hapo ni kama mabasi yangekuja kwa kupokezana bila kupishana hata dakika, jambo lisilotokea kamwe. Yakikaa dakika 5, nafasi moja inahudumia mabasi 12, na kwenye karatasi nafasi 5 zinatosha. Ongeza 3 kwa ajili ya yanayochelewa na yanayofika mawili mawili, unapata 8. Mabasi ni yale yale na abiria ni wale wale, lakini eneo limepungua karibu nusu. Basi likimaliza kushusha linakwenda kupumzika kwenye uwanja wake dakika chache kutoka hapo, linarudi muda wake wa kupakia ukikaribia.

Hata mji wenye fedha nyingi hauwezi kuikwepa hesabu hii. Kituo cha Port Authority mjini New York kilifunguliwa mwaka 1950, kikajengewa barabara za juu zinazoyapeleka mabasi moja kwa moja hadi kwenye handaki la Lincoln, linalopita chini ya mto Hudson, bila kugusa mitaa ya chini. Barabara hizo ni kazi ya kupigiwa mfano. Lakini mahali pa kuegesha mabasi kati ya msongamano wa asubuhi na ule wa jioni hapakutosha, ikawa mengi yanavuka mto bila abiria na kurudi tena baadaye. Katika mradi wa kukijenga upya, jengo linalotangulia ni la mabasi kungojea na kuegeshwa. Nililifurahia sana jambo hilo, kwa sababu kwa kawaida sehemu hiyo hukumbukwa mwisho, baada ya kila mtu kuchagua rangi ya paa.

Sisemi kwamba kila basi likae dakika 5. Pale ambapo mabasi ni machache, tuseme moja kila saa kwa kila upande, busara inageuka. Hapo unataka yote yaingie pamoja, yakae pamoja kwa dakika kadhaa ili anayetoka kaskazini apate kuhamia la kusini, kisha yaondoke pamoja. Uswisi iliifanya namna hiyo ya ratiba kuwa ya nchi nzima mwaka 1982, ikianza na treni, na mabasi mengi yanapangwa kuzifuata. Stendi ya aina hiyo inahitaji nafasi nyingi hata kama saa nzima inaonekana tupu, na anayeipita muda usio wake atadhani ni uwanja uliotelekezwa. Kwa hiyo ratiba ndiyo inayotangulia. Aliyechora jengo kabla ya kuiona ratiba amekisia.

Sasa kwa nini nang'ang'ania katikati ya mji? Kwa sababu ya miguu. Mtu akishuka kwenye basi anakuwa mwenda kwa miguu palepale. Ana karatasi ya kupeleka ofisini, mgonjwa wa kumwona, mtoto wa kumsajili shule, kitambaa cha kununua. Stendi ikiwa katikati, mambo matatu yanakwisha kwa mzunguko mmoja wa kutembea. Ukiipeleka nje, hujahamisha mabasi tu. Umempa kila abiria safari ya pili, yenye nauli yake na kungoja kwake, na mzigo mzito unamwangukia asiye na gari. Mwenye gari haoni tofauti, na mara nyingi ndiye anayekaa kwenye kikao cha kuamua.

Na miguu hiyohiyo ndiyo inayolisha maduka. Kituo kikuu cha mabasi cha Tel Aviv kilianza kujengwa mwaka 1967 na hakikufunguliwa hadi 1993. Ni jengo kubwa mno, lenye orofa nyingi za maduka. Mabasi yalipobaki kwenye orofa za juu peke yake, maduka ya chini yalipoteza wapita njia, na sehemu kubwa ikawa giza. Hakuna tangazo linaloweza kumshusha abiria orofa tatu chini kumfuata muuza soksi. Anachukua njia fupi, na kila biashara ya stendi inaishi au inakufa kwa kuwa juu ya njia hiyo au nje yake.

Mfano ninaoupenda ni Preston, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Stendi yake ilifunguliwa mwaka 1969 ikiwa na nafasi 80 za mabasi ya ghorofa, 40 kila upande, na maegesho ya magari juu yake. Kwa kuwa mabasi yalilizunguka jengo pande zote mbili, abiria walipitishwa chini ya ardhi kulifikia. Baadaye ukaja mpango wa kulibomoa, watu wakasimama kulitetea, na mwaka 2013 likaorodheshwa kuwa jengo la urithi linalolindwa kisheria. Lilipokarabatiwa, kazi iliyokamilika mwaka 2018, mabasi yote yalikusanywa upande wa mashariki, na upande wa magharibi ukawa uwanja wa watu, unaokanyagwa moja kwa moja kutoka mjini. Jengo ni lilelile, lakini sasa unaingia ukitembea juu, mchana kweupe.

Ndiyo maana kwenye mchoro natafuta kwanza mahali ambapo njia ya mtu inakatana na njia ya basi. Basi la mita 12 si mnyama mdogo. Sheria za Ulaya zinalitaka liweze kugeuka ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 12.5, na pembeni mwa duara hilo asiwepo mtu. Nafasi zilizopangwa kama meno ya msumeno, basi likiingiza pua na kutoka kwa rivasi, zinawaacha abiria wote ndani ya ukumbi mmoja bila kuvuka lami. Zinataka uangalizi makini wakati wa kurudi nyuma, na zinapoteza muda kidogo kila basi linapotoka. Kwa stendi yenye watoto na wazee wengi, mimi huikubali hasara hiyo bila kusita.

Kuna vitu vidogo ambavyo sikubali vikatwe bajeti ikipungua. Kimoja ni ukingo wa jukwaa la kupandia basi. Mjini Kassel, Ujerumani, ulibuniwa ukingo wenye mkunjo unaoliongoza tairi, kwa hiyo dereva analisogeza basi karibu kabisa bila kukwangua, na mlango unalingana na jukwaa. Mwenye kiti cha magurudumu anapanda, na mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi anapanda haraka zaidi. Sekunde hizo zinarudi kwenye hesabu niliyoianza nayo. Kingine ni vigae vyenye vinundu, uvumbuzi wa Seiichi Miyake uliowekwa kwa mara ya kwanza mjini Okayama, Japani, mwaka 1967. Asiyeona anavisoma kwa nyayo na fimbo. Nimeviona vimefunikwa na meza za wauzaji, na vingine vikielekea moja kwa moja kwenye nguzo.

Halafu wapo wasiosafiri kabisa. Ukikaa na daftari siku nzima unawazoea: wanafunzi wanaongojana, mzee anayevunja safari yake ya kutoka sokoni kwa kuketi, watu waliokimbia mvua, waliokuja kupokea mgeni. Wengine huwaona kama kero na kuondoa viti ili wasikae. Mimi nawahesabu pamoja na abiria. Penye watu wametulia, binti anayengoja basi peke yake haogopi.

Kabla sijafunga daftari namuuliza msimamizi choo na taa vinafungwa saa ngapi. Jibu la kawaida ni: basi la mwisho likishaondoka. Namwomba tuangalie pamoja basi la mwisho kuingia. Mara nyingi linaingia baadaye zaidi, limebeba watu waliosafiri mchana kutwa, wenye maboksi na watoto waliolala, wanaongoja ndugu aje kuwachukua. Zamu ya mlinzi na ya mfagizi ipangwe kwa basi hilo, iongezwe nusu saa.