Sheria ndogo: udogo wake uko wapi?

Neno "ndogo" limewaponza wengi. Mtu akisikia sheria ndogo hudhani ni utaratibu wa mtaani usio na meno. Udogo huo ni wa nasaba tu: sheria ndogo ina mama yake, yaani sheria ya Bunge iliyoipa halmashauri mamlaka ya kutunga. Anayeivunja hushtakiwa na kutozwa faini.

Waingereza huiita "by-law", na wengi wao hudhani "by" hapo ni "kando". Sivyo. Asili yake inaelekea kuwa lugha ya Waskandinavia waliohamia Uingereza tangu karne ya 9. Kwao "by" ni makazi, mji au kijiji, na ndiyo iliyosalia katika majina kama Whitby, Grimsby na Derby. Wadenmaki hadi leo huita mji "by". Basi kiasili ni sheria ya kijiji. Kiswahili kimeshika cheo, kikaacha mahali.

Na Tanzania Bara kijiji hutunga kweli, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, Sura ya 287. Halmashauri ya kijiji huandaa rasimu, huipeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, watoe maoni, kisha huituma halmashauri ya wilaya. Bila idhini ya wilaya bado ni karatasi tu, hata kama kijiji kizima kilinyoosha mikono.

Hapo ndipo nyingi hukwama. Muhtasari wa mkutano mkuu haupo, au upo bila orodha ya mahudhurio, na wilaya haina cha kuidhinisha. Nyingine hufa kwa maneno yake zenyewe. "Ni marufuku kuchafua mazingira" haimshiki mtu; "ni marufuku kunywesha mifugo ndani ya chanzo cha maji cha kijiji" inamshika.

Ikigongana na sheria ya Bunge, sehemu inayogongana ni batili, zilizobaki huendelea. Kwa hiyo ukionyeshwa sheria ndogo, anza na mistari ya juu kabisa, inapotajwa sheria mama na kifungu chake, ndipo ushuke kwenye faini.